Kuondoka Bila Kuaga

Clive alijipiga mapaja kwa viganja vyote viwili, akasema, "Haya basi," na kwa mara nyingine tena hakuna aliyetikisika. Kwa Waingereza, ishara hiyo peke yake inatosha kuvunja karamu. Lakini Mwingereza katika meza ile ya Brussels, Jumapili hiyo alasiri, alikuwa yeye tu.

Bozena, Mpolandi, alikuwa amekaa kichwani mwa meza akikata keki ya jibini na kuwajazia wenzake sahani bila kuwauliza. Anselme, Mfaransa, alikuwa akikoroga kahawa iliyokwisha kupoa. Detlef, Mjerumani, alikuwa na kalamu mkononi.

Wote wanne walikuwa wakitunga kamusi ya misemo ya Ulaya, na kazi ilikuwa imekwama kwenye msemo mmoja: ule wa mtu kuondoka kwenye shughuli kimyakimya, bila kumuaga mwenyeji. Kila taifa linao, na kila taifa limemtwisha mwingine aibu hiyo. Mwingereza husema mtu huyo kaondoka Kifaransa. Mfaransa husema kaondoka Kiingereza, na Mpolandi naye husema hivyo hivyo. Wajerumani, kwa kuwa hawapendi kuonea mtu, wana misemo miwili: kaondoka Kifaransa, au kaondoka Kipolandi. Shida ni kwamba juu ya ukurasa palitakiwa taifa moja tu.

Kwa Clive hili halikuwa jambo la mzaha hata kidogo. Mama yake kule Norwich humuaga hata paka akienda dukani, na sasa watu wake wote walikuwa mbioni kuandikwa watovu wa adabu, tena kwenye kitabu chenye jalada gumu.

"Mimi na Bozena tunasema Kiingereza," Anselme alimwambia. "Kubali yaishe, bwana."

"Na Detlef yuko upande wangu."

"Detlef ana misemo miwili. Huyo hana upande."

Clive akadai kwamba chanzo ni mabwana wa majumba ya kifalme ya Ufaransa, waliokuwa wakichomoka kwenye ngoma kabla mishumaa haijaisha. Anselme akamjibu kwamba hao walikuwa wageni kutoka London. Kwao, alisema, mtu hubusu kila shavu lililomo chumbani, hata la fundi bomba. Bozena akasema kwao mtu akianza kuaga mlangoni, supu hupashwa moto upya. Kisha akamgeukia Detlef.

"Nyie je? Mnagonga meza kwa vidole, mnachukua koti, mmekwenda."

Detlef alieleza, bila kucheka, kwamba kugonga meza ni kuwaaga wote kwa pamoja ili muda usipotee. Halafu, kwa vile ni mtu wa kanuni, akatoa pendekezo. Maneno yametosha, yaamue matendo. Atakayetoka humu leo bila kuaga ipasavyo, taifa lake ndilo litakaloandikwa. Wakapeana mikono.

Clive akasimama papo hapo. Akavaa koti, akajifunga skafu, akasema sasa watamwona Mwingereza anavyoaga.

Alimbusu Anselme mashavu yote mawili, na ndevu zikamchoma. Alimgongea Detlef meza mpaka vikombe vikaruka. Alipofika nje ya mlango akamnyooshea Bozena mkono, naye akamvuta ndani kwa nguvu, maana kwao kupeana mkono juu ya kizingiti ni mkosi. Basi akaanza upya. Akamuuliza Bozena habari za mama yake, za goti la mama yake, na za daktari wa lile goti. Akamtakia kila mmoja afya, usingizi mnono na safari njema. Machozi yalimlengalenga. Mwishowe akashuka ngazi kichwa juu, akiwapungia mkono mpaka akapotea.

Anselme akaweka kijiko chini.

"Kaaga," Anselme alikiri. "Sijawahi kuona mtu akiaga namna ile."

Detlef akawafuta Waingereza ukurasani. Iliwabidi wakubali kwamba walikuwa wamewaonea watu wale kwa karne nyingi, na Bozena alisema roho inamuuma kweli.

"Na sisi twende basi," akaongeza, akiokota mkoba wake. "Lakini tuage vizuri, jamani, tusije tukaaibika."

Detlef alikuwa ameshaingiza mkono mmoja kwenye koti. Akasita.

"Tumuage nani?" akauliza. "Si mwenye nyumba ndiye huyo katoka?"

Wakatazamana. Halafu polepole, huku kila mmoja akiwachunga wenzake kwa macho, wote watatu wakaketi tena.