Kiboko Golini

Zamani zile wanyama wa mashariki walipokuwa wakiwania kufuzu Kombe la Misitu Yote, timu ya Mtoni ilimweka Kiboko golini. Alilijaza lango hata upepo ukawa unapita kwa kuomba radhi. Mtoni walishinda mechi baada ya mechi, na kila bao lilipoingia walimkumbatia nahodha wao, Swala, kule mbele. Kiboko alipiga makofi peke yake. Hakuna aliyewahi kurudi nyuma kumpa mkono.

Mechi ya mwisho, sare tu iliwatosha. Dakika za majeruhi, Digidigi wa timu ya Nyikani akachomoka na mpira hadi mbele ya lango.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Habari za huku peke yako?"

Tangu mashindano yaanze, Kiboko hakuwa ameulizwa hali.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akasogea kama anayempisha mgeni barazani. Mpira ukapita ubavuni pake, ukatinga wavuni.

Mtoni wakatolewa. Timu nzima ikamjia mbio, Swala akifoka: "Umefanya nini, wewe?"

Kiboko akawatazama walivyomzunguka, machozi yakimlengalenga.

"Karibuni," akasema. "Nilidhani njia ya huku hamuijui."