Mlango Ulitazama Juu

"Huyu si mimi," Mjomba alisema, akairudisha picha juu ya kaunta. "Jino langu la dhahabu liko upande mwingine. Limehama kabla yangu."

Mpwa wake, mwenye studio, hakucheka. Malalamiko hayo aliyasikia kila siku kutoka kwa wateja, na jibu lake lilikuwa lilelile. Alitoa kitambulisho chake, akasimama mbele ya kioo cha ukutani, akakishika kando ya sura yake. Alikuwa na baka jeusi la kuzaliwa, limetanda shavu lote la kushoto. Kwenye kioo baka lilionekana mkono wa kushoto. Kwenye kitambulisho, mkono wa kulia.

"Unaona? Kioo kinageuza, kamera haigeuzi. Mtaani wote wanakuona kama ulivyo kwenye picha. Yule wa kwenye kioo unamjua wewe peke yako."

"Kumbe miaka yote hii namnyoa ndevu mtu mwingine!"

Mjomba aliitia picha mfukoni. Ilikuwa ya kitambulisho cha makazi mapya, nje ya mji, ambako yeye na jirani zake wa Mtaa wa Chini walikuwa wanahamishiwa. Tingatinga lilikwisha kuegeshwa nyuma ya nyumba yake.

"Mwanangu," alisema, "siku ya harusi ya mama yako nilitokea mlango ule wa hekalu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni paa la nyumba yetu kule Chini."

"Ulikuwa mtoto, Mjomba."

"Mtoto hana macho?"

"Anayo. Lakini kumbukumbu nayo inageuza."

"Haya, mtaalamu. Umenishinda." Akavaa kofia, akatoka.

Hekalu lilikuwa katikati ya mitaa miwili, Juu na Chini, na liliungua mpwa huyu akiwa bado mchanga. Uliobaki ni msingi wa mnara, na picha moja iliyopigwa na baba yake. Katika picha hiyo, mnara uko kushoto kwa mlango. Ukisimama Mtaa wa Juu ukikitazama kiwanja, msingi wa mnara uko kushoto kwako. Ukisimama Mtaa wa Chini, uko kulia. Kwa hiyo mlango ulitazama Juu. Hesabu haikuhitaji zaidi ya hapo.

Katika hesabu hiyo kilizaliwa chama. Picha ilipandishwa kwenye bendera, kwenye beji za wanafunzi, kwenye ukuta wa baraza la mji. Watu wa Juu wakawa wenye hekalu. Wa Chini, waliokaa mgongoni mwake, wakaitwa wavamizi. Mpiga picha akawa mwenyekiti, na tangu hapo kila mtu akamwita Mzee. Kwa kuitazama picha miaka nenda miaka rudi, hata wakongwe wa Chini walianza kuukumbuka mlango upande wa Juu. Mjomba alibaki na paa lake peke yake.

Baraza lilipotaka neno la mtaalamu kabla ya kubomoa nyumba za Chini na kulijenga hekalu upya, aliitwa binti wa Mzee, yuleyule mwenye studio. Aliikagua picha kwa lenzi, juu ya kioo cha fremu. Alisema haikuchorwa wala kuunganishwa, na hilo lilikuwa kweli. Akamalizia kwa maneno aliyofundishwa na baba yake siku ya kwanza alipomshikisha kazi hii: kamera haigeuzi.

Sasa picha hiyo ilikuwa mezani kwake, ikuzwe iwe pazia la kutundikwa siku ya kuweka jiwe la msingi.

"Usiitoe kwenye fremu," Mzee alikuwa amemwambia. "Ipige hivyohivyo."

"Kioo kitarudisha mwanga, Baba."

"Watu wanataka mlango na mnara. Ipige hivyohivyo."

Aliipiga hivyohivyo. Taa ikaacha doa jeupe katikati ya mlango. Akasogeza taa, doa likahamia mnarani. Kazi mbovu hakuizoea. Aliigeuza fremu kifudifudi, akang'oa vibanio vya nyuma, akaitoa picha.

Ilikuwa pana kuliko mtu yeyote mjini alivyodhani. Kadibodi ya pembeni ilikuwa imefunika kipande kizima, na katika kipande hicho, kwenye ngazi za hekalu, alisimama mwanamke akiwa amempakata mtoto.

Alimtambua mama yake kwa shingo, ile ndefu kama ya Mjomba. Alikaa. Yeye, binti wa mpiga picha, alikuwa hana hata picha moja ya kupakatwa. Mzee alimwambia zote ziliungua pamoja na negativu, zile filamu angavu zinazoweza kuchapwa kwa upande wowote, mwaka uleule mama alipofariki.

Alisogeza lenzi kwa mtoto. Uso ulikuwa umeelekea kamera, safi, kila unywele unahesabika.

Mzee alitokea chumba cha nyuma. Aliona fremu tupu, akasimama mlangoni.

"Baba, tupo!" binti alisema kwa furaha, bila kuinua kichwa. "Miaka yote hii tulikuwa humu ndani, mimi na Mama, na hukusema! Njoo uone baka langu. Hata angekuwa amenishika mwanamke mwingine ningejijua. Niko vilevile kabisa, kama ninavyojiona kila asubuhi kwenye kioo."

Akainua kichwa kwenye kioo cha ukutani, kisha akairudia picha: baka lilikuwa mkono wa kushoto, na kamera haigeuzi.

Mzee aliinamisha macho. Kule Chini, tingatinga liliwashwa.