Moyo wa Mwoka Mikate

Daktari Wiebe alikuwa amepasua maiti tatu tangu asubuhi, na mgongo ulikuwa unamuuma, Mechthild alipoingia chumba cha maiti bila kubisha hodi. Huyu alikuwa mjane wa mwoka mikate aliyelala pale mezani, amefunikwa shuka.

"Nimemuua mimi, Bwana Daktari," alisema. "Siku nne nimemuuguza sikufumba jicho. Ya tano nikapitiwa na usingizi, saa ya dawa ikapita."

"Dawa isingemsaidia, mama. Moyo wake ulipasuka."

"Hayo ndiyo mnayowaambia wajane wote."

"Mimi siongei na wajane. Naongea na maiti, hao hawabishi."

Mechthild hakucheka. Daktari akashusha pumzi, akajifuta mikono kwenye aproni iliyokakamaa kwa damu. Miaka thelathini alikuwa akiandika ripoti na kuzifungia kabatini, wala hakuwahi kumwonyesha ndugu wa marehemu kitu. Sasa akautoa moyo kwenye bakuli jeupe, akaugeuza taratibu mpaka tundu likaonekana, dogo kama la kifungo cha koti.

"Weka kidole hapa. Dawa gani ingeziba hili?"

"Na ningekuwa macho?"

"Ungemwona akikata roho, basi."

Mechthild akavua glavu yake ya sufu. Kidole kikaingia hadi kiungo cha kwanza. Akasimama hivyo, amefumba macho, hataki kukitoa. Daktari naye akabaki ameushika ule moyo kwa mikono miwili, mgongo ukimuuma, asimwambie atoe.