Sinema Aliyoisifu Rael

Jino la Tryphosa halikuwa na kitu. Lakini asubuhi ile ya Jumamosi alijifunga kitambaa shavuni, akaguna mbele ya nyapara mpaka nyapara mwenyewe akajishika taya.

"Nenda hospitali, mama. Panda lori la maziwa. Lakini Jumatatu nikuone shambani, kwenye pareto."

Tryphosa akapanda, akakaa katikati ya madebe. Lori lilipoacha msitu wa Kaptagat, akakifungua kile kitambaa, akajifunga kichwani vizuri. Alikuwa anaenda sinema.

Vita vya Hitla vilikuwa vimeisha juzi juzi, na mjini Eldoret, Sisti Foo kama watu walivyouita, wazungu walikuwa na nyumba yao ya sinema. Rael, yaya wa memsahib mwenye shamba, alipelekwa huko kila Jumamosi kushika mtoto. Jioni akirudi, laini nzima ya wafanyakazi ilijaa motoni kwake, awaambie alichoona.

Na zamani watu hao walikuwa wa nani? Wa Tryphosa. Alitoka kwao Maragoli na hadithi za mazimwi tele, na miaka yote moto wake haukukosa watu. Sasa alibaki na paka. Akisikia kicheko kinatoka kwa Rael, uji unamshinda kumeza.

"Kusimulia kitu umeonyeshwa, hiyo nayo ni kazi?" alimwambia Nasike, jirani yake. "Mimi natoa kichwani. Yeye Kizungu chenyewe hajui zaidi ya kuitikia memsahib. Picha ndizo zinamsaidia. Hata wewe Nasike, na huo ulimi wako mzito, ukionyeshwa utasema."

"Si uje tu usikie, dada. Ni tamu."

Siku moja akaenda, akasimama nyuma ya watu. Rael alikuwa anasimulia habari ya askari aliyerudi kutoka vitani siku ya arusi ya mchumba wake. Jinsi kwato za farasi zilivyogonga mawe. Jinsi mlango ulivyolia. Jinsi yule msichana alivyovuta pumzi, akanyamaza, ndipo akapiga kelele. Wanawake walikuwa wanafuta machozi kwa leso.

"Na huyo bibi arusi alivaa nini?" Nasike akauliza.

Rael akasita. "Nguo ya arusi si unaijua? Wewe ngoja usikie mama mkwe alivyocheka!"

Tryphosa akarudi kwake. Na yeye machozi yalikuwa yamemtoka, na hilo ndilo lilimuuma zaidi.

Basi Mungu akamletea Kituyi, mpishi wa nyumba kubwa. "Hiyo sinema?" Kituyi akasema. "Memsahib amewaambia wageni mezani ni takataka, yeye alisinzia. Hata gazeti la wazungu limesema haifai."

Kabla ya jua kusimama kichwani, Tryphosa alikuwa ameyafikisha hayo kila mlango. Jioni wanawake wakamwendea Rael.

"Memsahib amesoma, Rael. Na gazeti je?"

"Memsahib ana masikio yake na mimi nina yangu," Rael akajibu, akichochea moto. "Yeye akikataa ugali, na nyinyi mtalala njaa?"

Wakacheka, wakakaa chini. Tryphosa akaona watu wanampotea tena, akasema mbele ya wote:

"Jumamosi inakuja sinema nyingine. Hiyo nitaiona mwenyewe, sitangoja memsahib wala gazeti wala wewe. Ikiwa nzuri, nitasema nzuri, sitakanyaga hapa tena. Ikiwa takataka, hawa wote warudi kwangu."

Rael akaacha kuchochea. "Mji ni mbali, dada," akasema polepole. "Utaumia miguu bure."

"Unaogopa nini?"

Rael akainamia moto, akarudi kuchochea. Tryphosa alilala vizuri usiku ule kuliko siku nyingi.

Sasa, Jumamosi hii ya jino, alishuka lori mjini, akakung'uta nguo, akashika njia akiulizauliza. Nyumba ya sinema ilikuwa ndefu, ya bati, na gari la memsahib lilikuwa limesimama nje. Kumbe wameshaingia. Akafungua fundo la senti zake, akaharakisha asikose mwanzo.

Bawabu, mzee mmoja mwenye koti la jeshi, akainua mkono.

"Wapi hivyo, mama?"

"Naenda kuona sinema."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Hapa? Tangu nyumba hii ijengwe, mtu mweusi anaingia na ufagio tu."

"Na Rael? Yule yaya wa Kaptagat, si yuko ndani saa hii?"

"Nani amwingize? Zunguka huko nyuma utamwona. Ni pale pale kila Jumamosi."

Tryphosa akazunguka.

Rael alikuwa amechuchumaa kwenye majani, mtoto wa memsahib amelala mgongoni, na yeye sikio lake amelibandika ukutani. Macho ameyafumba. Midomo ilikuwa inacheza, na machozi yanamshuka.

Tryphosa akanyata mpaka kwenye bati, akabandika la kwake. Akasikiliza, akasikiliza. Kizungu tupu, hakushika hata neno. Kumbe na Rael alikuwa anatoa kichwani.