Nambari ya Askari wa Keya

Kesho mafundi wangechonga kwenye ukuta wa kumbukumbu majina ya askari wa miguu wa Keya, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, na karani alitaka nambari ya jeshi iliyo ukingoni mwa medali ya marehemu baba yake Bibi. Mjukuu, Sikudhani, aliigeuza medali dirishani mara ya tano. Ukingo ulikuwa laini kama kijiko.

“Bibi, huwa unaisugulia nini?”

“Majivu na ndimu, kila Ijumaa. Baba yangu avuke misitu kwa miguu, halafu medali yake ifubae? Hata!”

Sikudhani akaketi, akainuka tena. “Umeifuta nambari yake, Bibi. Bila nambari hawamwandiki.”

“Ndiyo sababu ya kuhangaika kote huku? Kila jioni Baba alitupanga mstari sisi watoto, tuitaje nambari yake ndipo tule.”

Bibi akasimama, akabana visigino, akainua kidevu.

“Tisa! Sita! Mbili!”

Kalamu ya Sikudhani ikangoja juu ya karatasi, tayari kwa tarakimu iliyofuata.