Swali la Wakili Nguchiro

Enzi wanyama walipokuwa na mahakama yao, Nguchiro alikuwa wakili wa wanyonge, na silaha yake ilikuwa swali moja tu. Kila mnyama mdogo aliposhtakiwa kwa kuchafua maji ya mto, Nguchiro alisimama mbele ya Jaji Tembo akauliza, "Nani alimwona?" Kwa kuwa hakuna aliyeona, mshtakiwa alirudi kwake. Kobe alikwisha kuokolewa hivyo mara mbili.

Wanyonge wakamchagua awawakilishe bungeni. Huko Kiboko na wakubwa wenzake wakamlalamikia kwamba kesi za mto haziishi. Nguchiro, aliyependa sana kupigiwa makofi, akatunga sheria: atakayekutwa mtoni maji yakiwa machafu ana hatia, shahidi hahitajiki. Bunge zima likashangilia.

Haukupita msimu, Kobe akakamatwa tena ukingoni, Kiboko akiwa ametoka kuoga muda huohuo. Adhabu ilikuwa kufukuzwa mtoni maisha. Nguchiro akaja mbio mahakamani, akasimama palepale pa zamani.

"Mheshimiwa Jaji," akasema, "nani alimwona?"

Tembo akamtazama kwa huruma. "Swali hilo ulilifuta mwenyewe, Mheshimiwa. Una jingine?"

Nguchiro akafikiri mpaka kivuli cha Tembo kikahama. Hukumu ikasomwa.

Kobe akaanza kujikokota kuelekea nyikani. Alipomfikia Nguchiro akasimama.

"Usijilaumu sana, wakili," akasema. "Tulikutuma uende na swali letu. Hatukukumbuka kukuambia urudi nalo."