Damu Safi ya Akina Kurtti

Hilkka Kurtti alimgusa mjukuu wake mara moja tu, kisha akatoa leso na kufuta vidole kimoja kimoja.

Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Kwikwi haikumwacha. Mara macho yalimgeuka, na mkono mmoja ukaanza kutukutika. Nyaya zilikuwa zimebandikwa kichwani pake, na kwenye skrini mawimbi ya ubongo wake yaliruka kwa fujo, yakalala bapa kama barafu ya ziwani, yakaruka tena.

"Kwetu Kuusamo hatujawahi kuzaa kitu kama hiki," alisema Hilkka.

Tuulia, mama wa mtoto, alikuwa bado na mshono mbichi. Alimfunika mtoto miguu kwa blanketi.

"Ni ugonjwa wa kurithi," alieleza Daktari Pelkonen. "Kuna kemikali ambayo mwili wake hauwezi kuivunja, basi inajaa ubongoni. Mtoto huupata pale tu baba na mama wote wawili wanapobeba kasoro. Na anayeibeba haumwi. Kairithi tu kwa baba yake au mama yake."

"Basi mwanangu hayumo," alidakia Hilkka. "Huyu mkewe tumemtoa kwenye mabaa ya Helsinki. Nani ajuaye mtoto ni wa nani? Mpimeni Eljas! Na mimi na mume wangu mtupime, muone damu safi ilivyo."

"Mama, inatosha," alisema Eljas, baba wa mtoto.

"Nyamaza! Ushafumbwa macho wewe."

Wakatolewa damu wote. Majibu yalipotoka, Hilkka alifika hospitali amevaa nguo zake za kanisani, na Oiva mumewe akimfuata nyuma.

"Kila mtu nitampa majibu yake faraghani," alisema daktari.

"Soma hapahapa! Sisi hatuna cha kuficha. Mwenye kuficha ni yeye."

Daktari akawatazama wengine. Tuulia na Eljas wakaitikia kwa kichwa. Oiva akaguna kukubali.

"Tuulia anabeba kasoro."

Hilkka akachekea puani.

"Na Eljas pia anaibeba."

Kicheko kikakatika. "Uongo! Kaitoa wapi? Kwangu?"

"Hapana, mama," alisema daktari. "Wewe huna."

"Nilijua!" Hilkka akamgeukia mumewe, midomo imempinda kwa kinyaa. "Kumbe ni wewe, Oiva! Miaka yote hii nalala na uchafu kitandani mwangu!"

Daktari akashusha sauti. "Mzee Oiva naye hana."

Oiva akamtazama Eljas usoni, akamtazama sana. Kisha akamgeukia mkewe.

"Hilkka," aliuliza taratibu, "huyu ni wa nani?"